Madirisha Yasiyofunguka

Umeme ukikatika saa saba mchana mwezi Januari, ofisi za Dar es Salaam hujitenga zenyewe makundi mawili. Zile za zamani, zenye varanda ndefu na luva za vioo, hazitoi mtu nje. Karani anafungua dirisha la pili, anasogeza kiti kwenye upepo, kazi inaendelea. Zile mpya, zilizovaa vioo vya bluu kuanzia chini hadi juu, ndani ya nusu saa zinakuwa zimewatapika watumishi wake wote hadi kwenye kivuli cha mwarobaini, anapokaa mlinzi. Madirisha yake hayafunguki. Mengine si madirisha kabisa. Ni ukuta wa kioo uliogandishwa kwenye fremu za alumini.

Mijadala yetu kuhusu majengo rafiki wa mazingira huanzia mbali mno: vyeti, paneli za jua, semina za hotelini. Mimi ningeanzia kwenye dirisha hilo. Nani atalifungua? Na likifunguliwa, upepo utaingia kutoka wapi na kutokea wapi? Jengo la umma lisilo na jibu la maswali hayo halitaokolewa na paneli 100 juu ya paa.

Jibu lake si siri ya wataalamu. Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Desemba huinamia kusini kwa nyuzi 17 hivi tu. Kwa hesabu hiyo, upenu wa sentimita 60 unakinga mita nzima ya ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, na upande wa kusini sentimita 30 zinatosha adhuhuri ya Desemba. Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri jua huja likiwa chini, linapita chini ya upenu wowote na kumpiga mtu usoni. Kwa hiyo jengo la pwani hulazwa kwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi: kuta fupi, zisizo na madirisha, ndizo zinapewa jua, kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Mpango huohuo unazipokea pepo zote mbili kwa mshazari, kaskazi kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na kusi katika miezi ya katikati.

Hesabu hii walimu wa shule za msingi wanaiishi bila kuijua. Darasa la kizamani lina varanda upande mmoja na madirisha pande zote mbili. Upepo unaingia huku na kutokea kule. Wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba chumba chenye madirisha pande mbili hupitisha upepo vizuri ikiwa kina chake hakizidi mara tano ya kimo chake. Chumba cha kimo cha mita 3 kinaweza kufika mita 15. Ofisi nyingi za leo zimeivunja kanuni hiyo kwa kitu kimoja tu: korido imewekwa katikati, vyumba huku na huku, kila mlango umefungwa. Upepo unagonga mlango na kufia hapo. Kisha inashushwa dari ya jipsamu, kimo kinapungua, pangaboi linakosa pa kuning'inia, na kinachobaki ni kununua kiyoyozi.

Mtu anaweza kuniambia: umeme tunao sasa. Bwawa la Julius Nyerere lilisanifiwa kutoa megawati 2,115, na umeme wa maji haufukizi moshi, sasa kosa la kiyoyozi ni lipi? Hoja si mbaya. Lakini pangaboi hula wati 70 hivi, na kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hula 1,000 au zaidi, na bili ya ofisi ya serikali inalipwa kutoka mfuko uleule unaonunua dawa na madawati. Joto linalotolewa ndani halipotei. Linamwagwa mtaani, kwa mama anayeuza matunda chini ya ile mashine. Na gesi iliyomo humo, ikivuja, ina nguvu ya kupasha dunia joto inayozidi ile ya hewa ukaa takribani mara 2,000 kwa baadhi ya aina zilizozoeleka madukani. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi hizo hatua kwa hatua. Jiji la jirani limeupa jina mkataba wa dunia kuhusu viyoyozi, nasi tunaendelea kujenga nyumba zisizoweza kuishi bila viyoyozi.

Dar es Salaam ilipata kuwa na watu walioijenga kwa akili ya upepo na kivuli. Anthony Almeida, mzaliwa wa jiji hili mwenye asili ya Goa, alikuwa akichora majengo yenye kuta za kukinga jua tangu miaka ya 1950. Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu, iliyoanza kukaliwa miaka ya 1960, iliachia kilima na miti vifanye sehemu ya kazi; wanaokumbuka noti ya shilingi 500 iliyotoka mwaka 2010 watakuwa wameubeba Ukumbi wake wa Nkrumah mfukoni bila kuutazama mara mbili. Ila jengo ambalo ningempeleka mwanafunzi wa usanifu kabla ya mengine yote liko mjini, katikati ya makelele: Soko la Kariakoo.

Aliyelichora ni Beda Amuli, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2016, anayetajwa kuwa Mwafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu majengo. Alipewa kazi ngumu. Soko ni mahali pa joto kuliko ofisi: watu wengi, nyanya zinazooza, maji ya samaki, mikokoteni. Kulifunga na kulipoza kwa mashine kusingewezekana kwa fedha za nchi ya wakati ule, na hata ingewezekana kusingekuwa na maana. Amuli alisimamisha nguzo za zege zinazopanuka juu na kuwa miavuli mikubwa iliyopinduliwa, iliyopishana kwa kimo. Chini ya miavuli hiyo biashara inafanyika kama inavyofanyika chini ya mti. Kwa kuwa vimo vinapishana, mwanga unapenya katikati bila jua kali kuingia, na hewa iliyopata joto inapanda na kutokea hukohuko juu. Chini kuna orofa ya ardhini, wanayoiita wenyewe shimoni, ambako mizigo ya jumla ilikuwa ikishukia.

Kwa nini miavuli imepinduliwa? Kwa sababu ya mvua. Paa la kawaida huisukuma mvua pembeni, kwa jirani. Miavuli ya Amuli inaikusanya katikati na kuishusha ndani ya nguzo hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Paa, gata, bomba na nguzo ni kitu kimoja. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Wakati huo maneno kama ujenzi endelevu hayakuwa midomoni mwa mtu, na nina hakika Amuli angecheka kuyasikia. Alikuwa anajibu swali la soko linalohitaji maji ya kuoshea sakafu.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko hilo liliungua. Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine jipya pembeni yake. Katika mjadala wote wa chanzo cha moto, orodha za wafanyabiashara na nani atarudi kwenye kizimba gani, mjadala halali kabisa maana hapo ndipo watu wanapolia na kucheka, sikusikia mtu akiuliza habari za matangi ya mvua. Yanasafishwa na nani? Yanasafishwa lini? Hilo linanisumbua kuliko moto wenyewe. Msanifu alituachia mtambo, lakini mtambo unahitaji mtu mwenye ndoo, ngazi na mshahara wa kila mwezi.

Tupige hesabu ndogo, kwa sababu maji ya paa huwa yanasifiwa kupita kiasi. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la shule lenye mita za mraba 500, ukiondoa moja ya tano inayopotea, linatoa lita 440,000 kwa mwaka. Ni nyingi. Lakini zigawe kwa siku 200 za masomo utapata lita 2,200 kwa siku, na shule yenye watoto 2,000, na za namna hiyo si chache jijini, itakuwa na lita moja na ushehe kwa kila mtoto. Haya ni maji ya kunawa mikono na kusafishia vyoo, si mbadala wa bomba. Tena mvua yenyewe haiji kwa siku 200. Inamwagika masika na vuli, kwa hiyo gharama haiko kwenye gata, iko kwenye tangi. Anayekuuzia mradi wa mvua bila kukutajia ukubwa wa tangi anakuuzia bati.

Zanzibar walijifunza habari ya matunzo kwa uchungu. Beit al-Ajaib, jumba la Forodhani lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultan Barghash, lilizungushiwa varanda pana pande zote juu ya nguzo za chuma. Kuta zake nene za mawe zikawa kivulini mchana kutwa. Kwa joto la Forodhani huwezi kubuni vizuri zaidi. Lakini nyumba za mawe na chokaa huugua polepole: maji yanapenya paani, boriti inaoza ndani ya ukuta, chumvi inakula chuma. Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka, ukarabati uliogharimiwa na Oman ukiwa unaendelea. Usanifu haukuwa na kosa. Miongo ya paa linalovuja ndiyo iliyolifikisha pale.

Kwa mfano wa jengo la umma lililofikiria watu wake kwanza, siendi Ulaya. Naenda Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, ambako hospitali ilifunguliwa Januari 2011 kwa ushirikiano wa serikali, shirika la Partners In Health na wasanifu wa MASS Design Group. Tatizo lao halikuwa joto. Kule juu milimani kuna baridi. Tatizo lilikuwa kifua kikuu. Mgonjwa anakuja na mguu uliovunjika, anasubiri kwenye korido iliyojaa, anarudi nyumbani na ugonjwa mwingine. Dawa waliyoipata ni ya kisanifu: wakaiondoa korido ndani ya jengo na kuiweka nje, ikawa varanda. Wodi zikapata madirisha pande zote mbili, feni kubwa za kuzungusha hewa, na taa za urujuanimno za kuua vijidudu juu karibu na dari. Vichwa vya vitanda vikaegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, hivyo kila mgonjwa, katika vitanda vipatavyo 140, analala akitazama dirisha na bonde.

Kuta zake ni za mawe meusi ya volkeno, yale ambayo mkulima wa eneo hilo huyarundika pembezoni mwa shamba kwa sababu yanamvunjia jembe. Mafundi wa hapohapo waliyachonga na kuyapanga kwa umakini hadi viungo vya chokaa na saruji karibu visionekane. Watu wapatao 4,000 walipata kibarua katika ujenzi huo. Jiwe likilegea kesho, anayejua kulirudisha anaishi kilima cha pili. Hilo ndilo naliita jengo lenye matunzo ndani ya mchoro wake, na ni jambo ambalo cheti chochote cha kijani hakilipimi vizuri.

Msanifu Francis Kéré alikuwa ameionyesha njia hiyo kijijini kwao Gando, Burkina Faso, mwaka 2001: tofali za udongo zilizoshindiliwa, dari yenye matundu, na bati lililoinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati. Bati lililolala moja kwa moja juu ya darasa ni jiko. Bati lililoinuliwa ni mwavuli. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Kenya wanayo kazi yake kando ya Ziwa Turkana, chuo cha teknolojia cha vijana kilichokamilika 2021, chenye minara mirefu inayofuata umbo la vichuguu vya eneo hilo na kutoa hewa ya moto juu huku hewa baridi ikiingia chini.

Nairobi nayo ina jengo la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, lililofunguliwa mwaka 2011, ambalo hutajwa kila mahali: paneli za jua juu ya paa, hewa inayopanda yenyewe kupitia uwazi wa katikati. Zuri, sikatai. Lakini liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi imependelewa na Mungu kwa hewa. Msanifu wa Mombasa au Tanga akilinakili kama lilivyo atajuta kabla ya Februari kwisha.

Vivyo hivyo ningependa wenzetu wa Dodoma wanisikilize. Dodoma si Dar. Iko mita 1,100 hivi juu, mvua yake ni karibu nusu ya ile ya pwani, mchana unachoma na usiku wa Julai unatetemesha. Pale ukuta mwepesi na madirisha mapana si dawa. Dawa ni ukuta mzito unaochelewesha joto la mchana na kuliachia usiku. Wagogo waliijua kanuni hiyo kwenye tembe, kwa paa lake bapa la udongo. Simwambii waziri akae kwenye tembe. Nasema mchoro mmoja hauwezi kuwa sahihi Mtumba ya Dodoma na Kivukoni ya Dar kwa wakati mmoja.

Halafu kuna saruji, ambayo huwa tunaipita kimya kimya. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri hadi nyuzi joto 1,450 hivi, na mbali na moshi wa makaa ya mawe, jiwe lenyewe hutoa hewa ukaa linapoungua. Kazi hiyo huchangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Pia huacha mashimo. Kaskazini mwa Mombasa, kiwanda cha Bamburi kiliacha jangwa la mwamba wa matumbawe lililochimbwa hadi karibu na maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu ni tatu tu zilizoshika, mvinje ukiongoza. Mivinje ikadondosha majani yake magumu kama sindano, yakarundikana bila kuoza. Haller akaleta majongoo. Majongoo yakala majani, yakatoa udongo, na juu ya udongo huo msitu ukaota. Leo wanafunzi wanaenda kutazama viboko pale. Sijui kama kuna mfano bora zaidi ukanda huu wa mandhari ya umma iliyotengenezwa kwa kuajiri watunzaji kwanza, hata kama watunzaji wenyewe ni wadudu wa miguu mingi.

Hilo linanirudisha Dar es Salaam, kwenye Bonde la Msimbazi. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unakata jiji kwa kilomita 35 hivi na kuingia baharini pale Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na manusura wakahamishiwa Mabwepande. Pamoja na hayo, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 karakana yake ilikuwa Jangwani, ndani ya bonde lilelile, na kila masika tumekuwa tukiona picha za mabasi yamesimama kwenye maji.

Maeneo ya wazi jijini yana historia isiyopendeza. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulihifadhiwa na wakoloni ili uwatenganishe Waafrika wa Kariakoo na Wahindi wa mjini kati. Mradi wa sasa wa Msimbazi unajaribu kitu tofauti. Kwa dola milioni 200 za Benki ya Dunia, zilizoidhinishwa mwaka 2022, pamoja na fedha za washirika wengine, mto unapanuliwa, daraja jipya linajengwa Jangwani, kaya zilizokuwa bondeni zinalipwa fidia, na sehemu ya chini ya bonde itakuwa bustani ya jiji, itakayoachwa ifurike kwa makusudi mvua ikizidi. Wazo ni sahihi. Mto upewe nafasi yake, na watu wapewe kivuli miezi ambayo mto hauihitaji nafasi hiyo.

Shaka yangu ni mchanga. Kila mvua inabeba mchanga kutoka kwenye vilima vilivyonyolewa miti na kingo zinazochimbwa, na kuushusha pale mto unapokosa kasi, yaani bustanini. Mto uliochimbwa leo kwa mamilioni unaweza kuwa umejaa tena ndani ya miaka michache, bustani ikawa tope na takataka za plastiki. Hakuna mchoro unaolizuia hilo. Linazuiwa na mtu wa kuuchota kila mwaka kabla ya Machi, kwa fungu la bajeti ya jiji ambalo litaendelea kuwapo hata fedha za mradi zikiisha.

Na mtu huyo si lazima atafutwe mbali. Mchanga wa Msimbazi una wateja: unachimbwa kwa wizi, unapakiwa kwenye malori na kuishia kwenye zege la majengo ya jiji hilihili. Yachimbwe madimbwi ya kuunasa juu ya mto, Gongo la Mboto na Kinyerezi, kabla haujafika Jangwani, na wenye malori hao wapewe vibali vya kuchota humo tu, kwa ushuru nafuu, mchana kweupe, chini ya msimamizi wa bonde mwenye daftari. Itakuwa ajabu kidogo kwa halmashauri kumpa kibali mtu ambaye jana ilikuwa inamkimbiza. Lakini vijana hao tayari wana majembe, na kwa sasa kingo za mto zinalipa bei ya ujuzi wao.